Aliyeandika Mahali Anapolala

Mlangoni kwa Madame Fernande, katika mtaa mfupi unaoshuka kutoka Chaussée d'Ixelles, kuna kengele tano na majina manne. Kengele ya tatu haina jina. Palipokuwa na karatasi pamebaki gundi iliyogeuka rangi ya chai, na vumbi limeganda juu yake hivi kwamba ukipitisha kidole unahisi bado kingo nne za kitu ambacho hakipo. Wapangaji watatu wamepita katika chumba hicho tangu wakati ule. Hakuna aliyejisumbua kuandika lake. Mtu wa posta ameshazoea kuziacha barua za ghorofa ya tatu kwenye ngazi.

Karatasi ile iliandikwa na Sylvestre Kahasha kwa kalamu ya wino, herufi zikiinama kidogo kulia, K kubwa ikiwa na mkia. Madame Fernande, Mbelgiji aliyekaa Bukavu miaka kumi na tisa na kuondoka huko na masanduku mawili, aliisoma siku ya kwanza akacheka.

"Weye Sylvestre," alimwambia kwa Kiswahili chake cha zamani, kile alichokiokota jikoni na sokoni, "unaandika jina yako kama ya askofu. Hapa ni kengele tu. Bantu wanabonyeza, wanaingia."

"Jina ni jina, Madame. Ikae ku kengele ao ku kitabu ya leta, ni ile ile moja."

Alimaanisha hivyo hasa: kwake kengele na kitabu cha serikali vilikuwa sawa. Kabla ya kuja Ubelgiji, Sylvestre alikuwa karani wa usajili huko Bukavu kwa miaka kumi na tano. Vitabu vitatu vikubwa vilikaa juu ya meza yake: cha waliozaliwa, cha waliooana na cha waliokufa. Watu walishuka kutoka vilimani, miguu ikiwa na tope hadi magotini, wakasimama mbele yake wakitaja jina la mtoto kwa sauti ya chini, kana kwamba wanamkabidhi kitu kinachoweza kuvunjika. Karani mzee aliyemfundisha kazi alimpa amri moja kabla ya nyingine zote: katika kitabu hakuna kufuta. Ukikosea, unapiga mstari mmoja mwembamba juu ya neno, neno lenyewe libaki linasomeka chini yake, kisha unaandika lililo sahihi pembeni na kutia saini. Sylvestre aliipenda amri hiyo kama wengine wanavyopenda sala. Aliona ndani yake aina ya huruma: hata kosa halikutupwa nje.

Tarehe 9 Novemba 1975 aliandika kwa mkono wake mwenyewe kuzaliwa kwa binti yake wa pekee, Priscille. Sheria ilitaka karani mwingine, lakini mwenzake Crispin alikuwa na mwandiko kama kuku amepita juu ya unga, na Sylvestre hakutaka mtoto wake aingie duniani namna hiyo. Crispin akagonga mhuri tu. Miaka sita baadaye Sylvestre aliandika katika kitabu cha tatu jina la mke wake, Mauwa, na siku hiyo pia mkono wake haukutetemeka.

Mwaka 1986 mapadri wamisionari walimleta Brussels. Walikuwa na masanduku ya vitabu vya ubatizo yaliyorudishwa kutoka Kivu, na hawakuwa tena na mtu wa kusoma majina ya watu wa huko bila kuyaharibu. Sylvestre alikaa miaka mitano katika chumba cha chini ya nyumba yao akipanga, akinakili, akipanguza ukungu. Mapadri walikufa mmoja baada ya mwingine, nyumba ikauzwa. Alibakiwa na kibali cha kuishi nchini bila kikomo na kazi ya kusafisha ofisi karibu na kituo cha Schuman, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu. Waliofika na kukuta meza zinang'aa hawakupata kumwona aliyezing'arisha. Hilo halikumsumbua. Priscille alikuwa Bukavu kwa bibi yake, na Sylvestre alikuwa akihesabu.

Hesabu yake ilikuwa hii. Mzazi mwenye kibali kama chake angeweza kumwita mtoto wake, mradi mtoto awe hajatimiza miaka kumi na minane. Priscille angeitimiza tarehe 9 Novemba 1993. Ili kumwita ilihitajika karatasi moja kutoka komini, ile serikali ndogo inayoandikisha wakazi wa mtaa, kuthibitisha kwamba baba ameandikishwa hapo na kwamba ana mahali pa kumlaza mtoto. Cheti cha kaya. Karatasi moja tu, yenye mhuri.

Alikwenda kuiomba Desemba 1992. Ukumbi wa komini ulikuwa na madirisha tisa, na matatu ndiyo yaliyofunguliwa. Katikati ya sakafu walikuwa wameweka ndoo mbili kwa sababu paa lilivuja, na watu walipanga foleni wakizizunguka ndoo zile kama vile zimekuwapo tangu nyumba ijengwe. Katika dirisha la nne alikaa Rik, Mflemi wa miaka hamsini hivi mwenye sweta la kijivu, aliyezungumza Kifaransa polepole kama mtu anayetembea juu ya barafu.

Sylvestre alimpa nakala ya cheti cha kuzaliwa cha Priscille, aliyoiandika mwenyewe kabla ya kuondoka Bukavu. Rik aliishika kwa ncha za vidole.

"Nani ameandika hii?"

"Mimi. Ilikuwa kazi yangu."

"Watu wa namna yako wamekwisha." Rik aliinua karatasi kwenye mwanga. "Februari tunaletewa kompyuta. Serikali ya juu inagawana nchi, mikoa inapata mawaziri, na sisi kila mwezi tunatupiwa kazi nyingine. Kazi wanaleta, watu hawaleti. Tulikuwa kumi na mmoja humu ndani. Sasa tuko wanne, na mmoja ni mgonjwa." Akaiweka nakala ndani ya faili kwa adabu. "Njoo katikati ya Februari. Kabla ya hapo polisi wa mtaa atapita nyumbani kuona kama kweli unaishi pale. Ni kawaida tu."

Sylvestre alimwandikia Priscille siku hiyo hiyo atayarishe sanduku, na asisahau sweta.

Tarehe 2 Januari akafa Bertin. Alikuwa mtu wa Bukavu, fundi wa mabomba, na aliishi ng'ambo ya mfereji, katika komini nyingine. Moyo ulisimama akiwa amekaa mezani. Kwa watu wa Kivu nyumba iliyofiwa haiachwi peke yake: wanaume hulala sebuleni juu ya magodoro, wanawake hulala na mjane, mpaka matanga yaondolewe. Kwa kuwa mdogo wake Bertin alikuwa Bukavu akingojea viza, ilikubaliwa kwamba matanga yatakaa siku arobaini. Na kwa kuwa Sylvestre alikuwa mkubwa kwa umri kuliko wote waliokuwapo, yeye ndiye aliyepaswa kuyasimamia, wa kwanza kutandika godoro lake na wa mwisho kulikunja.

Siku ya pili, chakula cha mchana kilipokwisha, aliomba nafasi mezani akatoa kalamu yake. Jean-Marie, kijana aliyepakia mizigo katika ghala moja la Anderlecht, alinyoosha shingo.

"Papa Sylvestre, ni barua gani ile?"

"Ya komini. Nabaambia kama mu hizi siku nalala hapa."

"Unaenda kuambia bazungu fasi unalala? Bon. Ubaambie pia nani anakoroma."

Wanaume walicheka hadi Émérance, mjane wa Bertin, akachungulia kutoka chumbani.

"Nitaandika," alisema Sylvestre bila kuinua kalamu. "Mwenye kukoroma: Jean-Marie. Fasi: karibu na mulango. Saa: zote."

"Donc, balikuuliza?"

"Hapana. Lakini polisi atapita kule kwangu, atanikosa. Atasema mi ni muongo. Niko na mutoto mu ile dossier, Jean-Marie."

"Alors, muntu hakukuuliza kitu, weye unamujibu nini?"

Émérance alikuja akakaa kwenye ukingo wa kiti. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini sauti ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayepanga mambo ya nyumba. "Papa Sylvestre, achana na barua. Enda ulale kule kwako siku mbili tatu, polisi akuone, kisha urudie. Bertin hatakasirika."

"Mukubwa njo atoke wa kwanza ku matanga? Ku Bukavu batasema nini?"

"Ku Bukavu bako mbali."

"Mi siko mbali," alisema Sylvestre, akaendelea kuandika.

Huko alikotoka, mgeni akilala zaidi ya siku chache katika nyumba ya mtu, mkuu wa mtaa aliandika jina lake katika daftari. Sylvestre alikuwa ameyasoma madaftari hayo kila mwisho wa mwezi kwa miaka kumi na tano. Hakuweza kuwaza kwamba serikali yoyote duniani ingemwadhibu mtu kwa kuiambia alipo. Basi aliandika, kwa herufi zilizoinama kulia, kwamba alikuwa na heshima ya kuwafahamisha wakuu wa komini kuwa tangu tarehe 3 Januari hadi tarehe 11 Februari 1993 angelala katika anwani ifuatayo, kwa sababu ya matanga. Akaipeleka mwenyewe. Rik hakuwapo siku hiyo. Mwanamke wa dirisha la pili aliigonga mhuri bila kuisoma.

Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutenda jambo mpaka mwisho, alivuka mfereji akaenda kwenye komini ya pili pia, ile ya marehemu, kuwaambia kwamba yuko kwao kwa muda. Miaka ile komini kadhaa za Brussels zilikuwa na ruhusa ya amri ya mfalme kukataa kuandikisha wageni wa nchi za mbali, kwa maelezo kwamba tayari walikuwa wengi mno. Karani alitazama kitambulisho chake.

"Zaïrois. Hapa hatuandikishi."

"Sikuja kuandikishwa, Monsieur. Nimekuja kutoa taarifa tu."

"Taarifa ya nini?"

"Kwamba nipo."

Karani alimtazama kwa muda, kisha akavuta fomu ya kuhama, kwa sababu fomu ya mtu anayetaarifu tu kwamba yupo haikuwahi kuchapishwa. Akaandika: ameomba, amekataliwa. Fomu ikatumwa kwa posta hadi komini ya kwanza, na huko ikaunganishwa kwa pini na barua ya Sylvestre.

Polisi wa mtaa alibonyeza kengele ya tatu mara tatu, katika siku tatu tofauti. Mara ya tatu Madame Fernande alimfungulia. Polisi akamuuliza kama bwana Kahasha analala hapo. Madame Fernande alikuwa mwanamke wa kanisa, mwenye miaka sabini na minne, na hakuwa amemdanganya polisi maisha yake yote. Alijibu kwamba hapana, tangu mwanzo wa Januari halali hapo. Akaanza kumweleza matanga ni nini, kwamba aliyaona mengi Bukavu, kwamba ni jambo la heshima kubwa. Polisi alikuwa na mitaa mingine kumi na minne. Fomu yake ilikuwa na visanduku viwili, *anaishi* na *haishi*, naye akatia alama katika cha pili.

Tarehe 9 Februari baraza la komini lilipitisha orodha ya majina sitini na moja ya watu wa kufutwa katika daftari la wakazi. Ilichukua dakika chache. Baadaye walijadili paa kwa saa mbili, wakaliahirisha.

Sylvestre alikunja godoro lake tarehe 11, matanga yalipoondolewa. Tarehe 15 alikuwa mbele ya dirisha la nne, amenyoa, amevaa tai. Juu ya meza ya Rik palikuwa na kompyuta mpya, na Rik aliigonga kwa vidole viwili.

"Kahasha. K, a, h." Akangoja. Akagonga tena. "Monsieur Kahasha, hakuna jina lako."

"Niko mbele yako."

"Mimi ninakuona." Rik alisogeza uso karibu na kioo cha mashine. "Umefutwa. Inasemekana umeondoka nchini."

"Nionyeshe mstari."

"Mstari gani?"

"Uliopigwa juu ya jina langu."

Rik aligeuza mashine ili naye aone. Palikuwa na Kaes, na chini yake palikuwa na Kaisin. Kati ya Kaes na Kaisin hapakuwa na mstari, wala nafasi, wala alama yoyote kwamba kuna mtu aliyewahi kukaa hapo katikati. Sylvestre alitazama kwa muda mrefu. Nyuma yake mtu alikohoa, na tone likaanguka ndani ya ndoo.

Rik alikwenda kulitafuta faili. Aliporudi alisoma barua, fomu ya ng'ambo ya mfereji, fomu ya polisi. Akavua miwani.

"Wewe mwenyewe umeandika kwamba hulali kwako."

"Kwa sababu ya matanga. Nimeandika pia."

"Nimeona. Lakini matanga hayana kisanduku." Rik alishusha sauti. "Sikiliza. Nusu ya mtaa huu hawalali walikoandikishwa. Wanafunzi, waume waliofukuzwa na wake zao, hata diwani mmoja namjua. Hakuna anayewafuta, kwa sababu hakuna anayesema. Kama ungenyamaza tu, Monsieur Kahasha. Polisi angekukosa, angerudi Machi, angekukuta."

Sylvestre aliuliza angeandikishwa tena lini. Rik alieleza kwamba mgeni aliyefutwa huhesabiwa kuwa ametoka nchini, na komini haina mamlaka ya kusema vinginevyo. Ni ofisi ya wageni ya wizara ndiyo itakayopitia ushahidi na kusema kama alitoka au hakutoka. Aliuliza miezi mingapi. Rik alianza kupanga vibanio vya karatasi. Kisha, kwa aibu, akanyoosha mkono chini ya kioo cha dirisha, kwa maana alitakiwa kukichukua kitambulisho.

Machi kampuni ya usafi ilimtaka aonyeshe kitambulisho, na hakuwa nacho. Hivyo asubuhi za Schuman zikaisha. Madame Fernande hakumgusia habari ya kodi ya chumba. Alimletea supu, akaiweka mezani, akabaki amesimama.

"Sylvestre, mimi nilisema kweli kwa yule polisi."

"Mi pia nilisema kweli, Madame."

"Basi sisi wawili ni wapumbavu," alisema, na akakaa kitini akimtazama anavyokula.

Alikusanya ushahidi kama alivyofundishwa kukusanya ushahidi. Hati za mshahara za Januari na Februari. Barua ya padri aliyemzika Bertin. Karatasi ya walioshuhudia, watu kumi na mmoja waliolala naye sebuleni, pamoja na Jean-Marie, aliyetia saini na kuuliza kama aongeze habari za kukoroma. Hakuna aliyecheka sana safari hii. Rik aliutuma wote kwa bahasha iliyosajiliwa. Julai wizara ilijibu: kwanza kiletwe cheti cha makazi kutoka komini. Na komini haikuweza kumpa cheti cha makazi mtu ambaye hayumo katika daftari lake. Rik alipiga simu wizarani mara nne, mbele ya Sylvestre, na mara zote nne alishika mkono wa simu akisikiliza muziki.

Kabla ya barua hiyo, mwezi wa Juni, ilikuwa imefika nyingine. Ilitoka kwa Crispin, aliyekuwa bado anafanya kazi katika ofisi ile ya Bukavu. *Ndugu Kahasha,* aliandika kwa mwandiko wake wa kuku, *nimesikia mambo yako. Kitabu cha 1975 kiko hapa mbele yangu. Siku hizi kila mtu anawapunguzia watoto miaka, hakuna anayeuliza. Sema neno moja, na Priscille atakuwa amezaliwa 1977. Utapata muda wa kutosha.*

Sylvestre alimjibu kwa mstari mmoja: kitabu kisiguswe.

Alimwambia Émérance jambo hilo Jumapili moja baada ya misa, labda kwa sababu alitaka asifiwe na mtu. Émérance alikuwa bado amevaa nyeusi.

"Papa Sylvestre, unachagua kitabu, unaacha mutoto."

"Muda uko. Tuko mu Juni."

"Bertin pia alikuwa na muda," alisema Émérance, na akaenda kukamata tramu yake.

Julai ikapita, na Agosti, ambayo katika mji huu ofisi zote hulala. Septemba. Oktoba. Tarehe 9 Novemba Sylvestre alivaa tai akaketi ukumbini mwa komini tangu unafunguliwa hadi unafungwa, bila kuchukua namba ya foleni. Rik alimwona na hakumwita.

Barua ya Priscille iliyoandikwa siku hiyo ilifika baada ya wiki mbili. *Papa, leo nimefika miaka kumi na minane. Bibi amepika samaki wa sambaza. Sanduku langu bado liko nyuma ya mlango, lakini sweta nimelitoa nalivaa, maana hata huku asubuhi kuna baridi.*

Tarehe 17 Desemba 1993 wizara ilikubali kwamba Sylvestre Kahasha hakuwahi kutoka Ubelgiji. Rik aligonga kwa vidole viwili, na safari hii alitabasamu.

"Umerudi."

"Tangu lini?"

"Tangu leo. Kumi na saba Desemba."

"Na miezi ile kumi?"

Rik alitazama mashine, kisha akamtazama yeye. "Haina mahali pa kuiweka," alisema.

Sylvestre alitoka, akapanda hadi Porte de Namur, akanunua bahasha ya ndege. Akiwa amesimama kwenye kaunta ya posta, kwa kalamu ya kamba iliyokwaruza, alimwandikia Crispin neno moja ambalo hakuwahi kuliwaza kwamba lingetoka mkononi mwake. *Gusa.*

Cheti kipya kilifika Machi 1994. Priscille, amezaliwa tarehe 9 Novemba 1977. Crispin alikuwa ameongeza maneno machache kwa fahari: *Sikupiga mstari, mstari ungeonekana. Nilikwangua kwa wembe, polepole, kisha nikasugua kwa ukucha. Hata wewe usingejua.*

Alikipeleka. Rik alikipokea, akakisoma, akafungua faili. Juu kabisa ilikuwa nakala ile ya kwanza, yenye herufi zilizoinama kulia na K yenye mkia. Aliziweka karatasi mbili kando kwa kando. Ndoo sasa zilikuwa tatu.

"Mwandiko huu si wako," Rik alisema.

"Hapana."

"Ya kwanza wizara wanayo. Niliitoa fotokopi nikaituma mwenyewe, pamoja na ushahidi wako." Aliigusa nakala ya zamani kwa kidole. "Ingekuwa chafu, ingekuwa na shaka yoyote, ningesema labda waliikosea. Lakini hii? Niliwaonyesha wenzangu wote, Monsieur Kahasha. Niliwaambia, tazameni kazi inavyofanywa."

Akaikunja karatasi mpya mara mbili na kuisukuma chini ya kioo.

"Leo sijaona kitu. Nenda nyumbani."

Sylvestre aliirudisha mfukoni. Alitembea hadi kwake badala ya kupanda basi. Alichokuwa akikiwaza njiani hakikuwa kosa lake mbele ya sheria, wala aibu mbele ya Rik. Alikuwa akiwaza ukurasa ule wa Bukavu, mahali palipokwanguliwa, jinsi karatasi inavyokuwa nyembamba hapo ukiinyanyua kwenye mwanga. Msichana aliyezaliwa mwaka 1975, yule aliyemwandika kwa mkono usiotetemeka, hakuwamo tena katika kitabu chochote, na aliyemtoa ni baba yake.

Priscille hakuacha kuandika. Aliandika juu ya shule, juu ya watu waliomiminika kutoka Rwanda mwaka ule na kujaza barabara, juu ya bei ya sabuni. Bibi alikufa mwaka 1995. Mwaka huo ndio amri ya mfalme ilikuwa inafikia mwisho, na komini zilizokataa wageni zikaanza kuwaandikisha, bila tangazo wala radhi, kama dirisha lililofunguliwa kwa sababu joto limezidi. Mwaka 1996, mwezi wa Septemba, Sylvestre alipewa nyumba katika majengo ya komini huko Anderlecht. Aliikwangua karatasi yake kwenye kengele ya tatu kwa kisu cha mezani, taratibu, ili isichanike. Ilichanika.

"Acha, nitaosha mimi," alisema Madame Fernande. Hakuosha.

Oktoba vita viliingia Bukavu. Barua zikakoma. Baada ya miezi saba Crispin aliandika kwamba Priscille alionekana akitoka mjini na watu wa parokia, wakielekea njia ya msitu inayokwenda Kisangani, na kwamba alikuwa amevaa sweta. Wengine wa kundi hilo walirudi. Sylvestre aliandika kwa mashirika yenye orodha za waliopotea. Kila shirika lilimtaka ataje tarehe ya kuzaliwa, na kila mara kalamu yake ilisimama mahali hapo. Mwishowe aliandika 1975. Majibu yalisema kwamba jina na tarehe hiyo havikupatikana.

Sasa ni mwaka 1998. Sylvestre Kahasha ana miaka hamsini na miwili, anaishi Anderlecht, ghorofa ya sita, mlango wa kushoto, na ameandikishwa huko kihalali. Cheti chake cha kaya kina jina moja.